Stika ya Gari Isiwe Ramani ya Kwenda Nyumbani kwa Mtu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Mada niliyoichagua mwaka huu huenda ikawachekesha baadhi yenu. Mwenzangu mmoja darasani alipoisikia aliniambia, "Ebo! Watu waandika juu ya dawa za kulevya na mitihani, wewe wataka kuandika juu ya kuegesha magari? Na hata baiskeli huna!" Ni kweli, gari sina na baiskeli sina. Lakini wengi wetu humu shuleni ni watoto wa wafanyakazi wa serikali. Kuna wauguzi, makarani, walimu, askari polisi, watu wa forodha na watu wa kaunti. Majina yao, simu zao na mitaa wanayokaa yameandikwa katika madaftari ya getini ambayo mtu yeyote mwenye maneno matamu aweza kufunuliwa. Kwa hivyo jambo hili latuhusu.

Maoni yangu nayasema mapema. Ofisi ya umma inapompa mfanyakazi wake kibali cha kuegesha gari, imwitishe yale tu ambayo geti linayahitaji, na hayo yaliyoandikwa iyatunze kama amana. Zaidi ya hapo ni kumweka mtu hatarini bila ya sababu.

Tuanze na kibali chenyewe, maana wengine huenda hawajakiona. Kisiwa chetu cha Mvita ni kidogo, takriban kilomita 14 za mraba, na ofisi nyingi za serikali zimesongamana upande wa Treasury Square, Nkrumah Road na Moi Avenue. Huko Mji wa Kale ndiyo kabisa, maana njia kama Ndia Kuu zilikuwako kabla ya gari la kwanza kufika pwani. Anayetoka bara asubuhi, akapita Kibarani na Makupa katika msururu wa matrela, akifika mjini saa mbili hapati pa kuweka gari. Ndiyo maana ofisi iliyo na uwanja wake huwapa wafanyakazi vibali. Mfanyakazi hujaza fomu, hupewa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele, na jina lake hutiwa katika orodha ya askari wa geti.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya waanza katika ile fomu. Fomu nilizowahi kuziona huuliza jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya kazi, idara, cheo, nambari ya simu, nambari ya gari, aina na rangi ya gari, kisha mtaa na nyumba anayokaa mtu. Nyingine hutaka nakala ya kitambulisho na ya logibuku. Halafu orodha hiyo yote, kama ilivyo, hunakiliwa katika daftari kubwa na kuwekwa juu ya meza ya getini, mahali ambapo kila mgeni huegemea akisubiri kuruhusiwa. Ofisi nyingine huchapisha jina na idara ya mfanyakazi juu ya stika yenyewe, na hiyo stika yazunguka mji mzima, sokoni, hospitalini, harusini, mpaka mbele ya mlango wa nyumba yake.

Sasa niulize, askari wa geti ahitaji nini hasa? Ahitaji kujua kwamba gari hili limeruhusiwa kuingia. Basi! Nambari ya gari na nambari ya stika zamtosha. Likizuia mwenziwe, apate pa kupiga simu, na simu hiyo yaweza kuwa ya karani wa ofisi ambaye atamtafuta mwenyewe. Mtaa anaokaa mfanyakazi hausaidii gari kuingia wala kutoka.

Kuna kisa kilichotokea mwaka jana ambacho ndicho kilinifanya nifikirie mambo haya. Mama wa mwanafunzi mmoja tunayemfahamu ni karani katika ofisi ya serikali hapa kisiwani. Ofisi siitaji na mama simtaji. Jioni moja akirudisha gari nyuma aligusa pikipiki ya bwana mmoja, taa ikavunjika. Yeye hakujua, akaenda zake. Yule bwana akamwendea askari wa geti.

"We askari, gari ile ndogo nyeupe iliyotoka sasa hivi ya nani?"

"Ngoja nikutazamie, bosi."

Askari akafunua daftari, akamsomea jina, simu na mtaa. Mambo yakaisha kwa dakika mbili. Saa moja ya usiku yule bwana alikuwa mlangoni kwa mama yule, anagonga kwa teke na kutukana, na ndani mlikuwa na mama na watoto wake watatu peke yao. Majirani walitoka wakamtuliza, na taa ya pikipiki ikalipwa kesho yake. Lakini mwenzetu aliniambia kwamba mpaka leo mamake akisikia hodi usiku hasogei mlangoni, huzima taa kwanza.

Wenzangu, nataka mtazame jambo moja katika kisa hiki. Askari hakuwa mtu mbaya. Hakula hongo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba daftari lile ni siri, naye aliona anamsaidia mtu aliyeharibiwa chombo chake. Na yule bwana alikuwa na haki ya kulipwa taa yake. Kosa lilikuwa katika daftari. Lau mtaa wa mama yule haungeandikwa pale, askari hangekuwa na cha kusoma. Angemwambia bwana yule, "Njoo kesho ofisini uandikishe malalamiko," na taa ingelipwa vilevile bila ya mtoto yeyote kulia. Kisichoandikwa hakivuji.

Watu wa pwani twajua thamani ya hodi. Mtu hapiti kizingiti cha mwenziwe mpaka abishe hodi na aambiwe karibu. Akibisha mara tatu bila ya jibu, adabu yataka arudi. Mzee yeyote wa barazani atakuambia hivyo. Basi anayetoa mtaa na nyumba ya mtu kwa asiyejulikana amemfungulia mgeni mlango usiokuwa wake. Aidha, twafunzwa kwamba kitu cha amana hakitumiwi wala hakitolewi ila kwa idhini ya mwenyewe. Mbona tukipewa amana ya fedha twaogopa, na tukipewa amana ya habari za watu twaiacha mezani?

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya hapa kwetu tu, wenzetu walioendelea hawana shida hizo." La hasha! Huko Marekani, mwezi wa Julai mwaka 1989, mwigizaji mmoja kijana aitwaye Rebecca Schaeffer aliuawa kwa bastola mlangoni pa nyumba yake mjini Los Angeles. Aliyemuua alikuwa mtu aliyemfuatafuata kwa muda mrefu bila ya kujuana naye. Anwani aliipataje? Alimlipa mpelelezi wa kibinafsi, naye mpelelezi akaipata katika rekodi za magari za jimbo la California. Karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya gari zikamwonyesha muuaji mlango. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda taarifa za wenye magari na madereva, kwamba idara za magari zisimpe mtu jina na anwani ya mwingine ila kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Jimbo la South Carolina lilipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba sheria ibaki. Wenzetu walijifunza kwa msiba. Sisi si lazima tungoje wetu.

Tena mfikirie wafanyakazi wa serikali ni nani. Kati yao yumo hakimu aliyemfunga mtu jana. Yumo mpelelezi wa polisi, yumo afisa wa forodha aliyezuia kontena bandarini, yumo afisa wa watoto aliyemwondoa mtoto kwa baba mkali. Watu hawa kazi yao huwafanya wengine wakasirike hata wakiifanya kwa haki. Akitaka kuwalipizia mtu, hana haja ya kuvunja ofisi. Amtazame tu atokapo saa kumi na moja, asome nambari ya gari, kisha aende getini akaulize kwa upole.

Fauka ya hayo, daftari lina maisha yake baada ya kazi kwisha. Mwaka ukimalizika stika mpya hutolewa, daftari jipya hufunguliwa, na la zamani huenda wapi? Sisi wa Kibarani twalijua jibu kuliko wengine. Kwa miaka mingi takataka za mji zilimwagwa hapa kwetu kando ya bahari, mpaka jaa lilipofungwa na kupandwa miti na takataka zikahamishiwa Mwakirunge. Wazee waliokuwa wakiokota vyuma na chupa watakuambia kwamba karatasi za ofisi zilikuwa hazikosi. Na hata leo nunua njugu au bajia njiani, ukimaliza kula fungua ile karatasi uisome. Mimi nimekwisha kusoma majina ya watu, nambari za vitambulisho na madeni yao kwenye karatasi yenye chumvi ya njugu! Ofisi iliyomtaka mtu nakala ya kitambulisho ilimwambia ni kwa usalama. Je, usalama huo umefikaje kwa muuza njugu?

Siku hizi madaftari mengine yamehamia katika simu na kompyuta, na hapo mwendo ni wa kasi zaidi. Askari hupiga picha ukurasa wa orodha akauweka katika kundi la WhatsApp la ofisi ili mtu aondoe gari lake. Kundi lina watu 200, na kila mmoja wao aweza kuutuma mbele. Karatasi ya njugu humfikia mtu mmoja, lakini picha ile haina mwisho.

Si kwamba taarifa za watu huvuja kwa magari pekee. Mwezi wa Juni mwaka 2021 Wakenya walipewa nafasi ya kujitazamia katika mtandao wa serikali kama wameandikishwa katika vyama vya siasa. Wengi walishtuka kujikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuvijua hata rangi. Malalamiko yalipelekwa kwa Kamishna wa Data na kwa Msajili wa Vyama. Wengi walishuku kwamba majina na nambari zao zilinakiliwa katika madaftari ya wageni kwenye mageti ya majumba makubwa, au katika yale madaftari ya maduka ya M-Pesa ambayo kila mteja aliandika jina, simu na nambari ya kitambulisho huku akimwona aliyemtangulia alitoa shilingi ngapi. Daftari ni daftari, liwe la wageni au la vibali. Likiachwa wazi huokotwa na kila mwenye haja yake.

Babu zetu waliyajua haya kwa uchungu. Wakati wa ukoloni palikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16, yaani rika langu mimi ninayeandika, alitakiwa kukichukua kokote aendako, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Humo ziliandikwa habari za mtu, tajiri aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Yeyote mwenye mamlaka alikisoma apendavyo, lakini mwenyewe hakuwa na uwezo wa kufuta hata neno. Waliopigania uhuru walikipinga kipande kwa sababu kiliwafanya watu kuwa mali iliyoandikwa. Ni aibu kama sisi tulio huru tutawaandika watu wetu vivyo hivyo kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari.

Bahati njema sheria zetu za sasa ziko upande wa mwananchi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Humo mna haki ya kutoitishwa bila ya haja habari za jamaa yake na mambo yake ya kibinafsi, na haki ya kutotangaziwa habari hizo bila ya haja. Tazameni vizuri, ni mambo mawili. Kutangaza ni kosa, na kuitisha kusikohitajika pia ni kosa. Ofisi yaweza kulifungia daftari lake kwa kufuli tatu na bado ikawa imekosea, kwa kuwa iliuliza isichokihitaji.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Yasema taarifa zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, zisizidi haja, ziwe sahihi na zisiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyotakikana. Mtu ana haki ya kuuliza ameandikwa nini na kutaka makosa yarekebishwe. Zikivuja kwa namna ya kumhatarisha mtu, aliyezishika amepewa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Kamishna wa kwanza, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba mwaka 2020, na ofisi yake haikukaa bure. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 ilitoza faini shule moja ya huko Uthiru, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Wakati huohuo kilabu kimoja cha starehe kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja, na kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho.

Mahakama nayo imesema. Ilipokuja habari ya Huduma Namba, Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Januari mwaka 2020 kwamba serikali haiwezi kukusanya chembechembe za DNA wala alama za mitambo za kuonyesha nyumba ya mtu ilipo. Ikiwa serikali nzima, kwa mradi wa taifa zima, ilizuiwa kuchukua alama za mahali mtu anapoishi kwa njia ile, ofisi moja yenye uwanja wa magari 30 yataka nyumba ya mtu ya nini?

Najua pana hoja za kunipinga, na ni haki nizijibu.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Watu husema, "Wewe mtoto hujui, nchi imepatwa na mashambulizi, lazima ijulikane nani ameingia." Nakubali kabisa, na Sheria ya Walinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 yawapa walinzi uwezo wa kumtaka mtu ajitambulishe na kuandika saa za kuingia na kutoka. Lakini usalama hauji kwa wingi wa maandishi. Mwizi akitaka kuingia hubandika stika ya bandia, na askari aliyezoea kutazama daftari refu hamwoni. Afadhali stika yenye nambari, alama ngumu kuigwa, na rangi inayobadilika kila mwaka. Daftari lenye nyumba za hakimu na mpelelezi likiachwa mezani ndilo hatari kubwa zaidi, kwa sababu adui hahitaji tena kuingia ofisini. Amekwisha kujua pa kuwangojea.

Hoja ya pili ni nzito, nayo nilielezwa na mwalimu mmoja nilipomwuliza maoni yake. Alisema, "Maegesho hayo ni mali ya umma. Tukificha orodha, wakubwa watajigawia nafasi wao na shemeji zao, na nani atajua?" Kweli hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyohiyo chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi imjibu mwombaji kwa siku 21. Ofisi isije ikajificha nyuma ya neno faragha ili kufunika upendeleo.

Lakini hizi haki mbili hazigombani, zahitaji kugawiwa mipaka. Sheria hiyo ya mwaka 2016 yenyewe yaruhusu kuzuiwa kwa habari ambazo zikitolewa zitaingilia faragha ya mtu pasipo haki. Basi umma uambiwe ofisi ina nafasi ngapi, vibali vingapi vimetolewa, kila idara imepata vingapi, kwa kanuni gani, na kama vyalipiwa ni kiasi gani. Uambiwe pia ni vibali vingapi vimetolewa kwa watu wasiokuwa wafanyakazi. Kwa hayo upendeleo utaonekana peupe. Habari za magari ya serikali yenyewe, yale ya GK, ziwe wazi, maana ni mali yetu na mafuta ni yetu. Likionekana gari la GK harusini siku ya Jumamosi, mwananchi ana haki ya kuuliza. Lakini gari la kibinafsi la muuguzi, simu yake na nyumba yake si mali ya umma. Mtu akiomba orodha, karani aifunike kwa wino mweusi ile sehemu ya mtu na kumpa ile sehemu ya ofisi.

Hoja ya tatu ni ya wale wasemao, "Mimi sina la kuficha." Hao nawajibu kwa heshima kwamba mlango wa nyumba yako waufunga usiku, na si kwa sababu ndani umeficha mali ya wizi. Tena mtu hachagui siku ya kufuatwa. Yule mama wa taa ya pikipiki naye hakuwa na la kuficha.

Nini kifanywe? Mapendekezo yangu si ya gharama.

Kwanza, fomu ipunguzwe. Ibaki na jina, nambari ya kazi, nambari ya gari na simu moja. Mtaa na nyumba viondolewe, na nakala ya kitambulisho isitakiwe, maana ofisi iliyomwajiri mtu yamjua tayari.

Pili, yagawanywe. Getini ikae orodha ya nambari za stika na za magari pekee. Majina na simu yakae masjala katika kabati lenye kufuli, na pawe na karani mmoja anayejulikana kwamba ndiye mwenye ufunguo. Anayetaka kuona aandike jina lake na sababu yake.

Tatu, stika isiandikwe jina wala idara. Nambari na mwaka zatosha.

Nne, daftari la zamani lichanwe vipande au lichomwe mbele ya shahidi mwaka unapokwisha, lisiuzwe kwa kilo.

Tano, na hili naliona kubwa kuliko yote, askari wa geti wafundishwe. Wao ndio walio mlangoni, nao mara nyingi ndio wanaolipwa kidogo na kulaumiwa kwanza. Askari afundishwe kusema maneno machache tu: "Siwezi kukupa, lakini naweza kumwita." Akisema hivyo aungwe mkono na mkubwa wake, hata kama anayeuliza ni mheshimiwa.

Nasi hapa shuleni tusiwanyoshee wengine kidole. Shule yetu ni ya kutwa, na kila asubuhi wazazi, wachuuzi na jamaa hupita getini wakaandikwa. Magari ya walimu nayo yameandikwa. Mimi naliomba Chama cha Kiswahili kimwandikie Mwalimu Mkuu barua ya heshima, kikiomba daftari la getini lisikae wazi mezani, na nambari za simu za wazazi zisibandikwe kwenye ubao pamoja na orodha ya madeni ya karo, kama ilivyo desturi katika shule nyingi. Rasimu ya barua hiyo nimekwisha kuiandika, na nitaisoma katika mkutano wa chama wa muhula ujao. Anayetaka kuisahihisha au kuipinga aje. Atakayekuja na hoja nzito kuliko zangu nitamshukuru.

Na leo mkifika nyumbani, waulizeni wazazi wenu swali moja: ile fomu ya stika mliyojaza kazini, mliandika nini, na daftari lake likikaa wapi? Huenda wasijue jibu. Basi na waulize ofisini, maana sheria yawapa haki ya kuuliza.